Mama aliyepasuliwa akivuka geti la hospitali, ni wa nani? Barua ya wazi kwa wakuu wa afya

Kwa wakuu wa afya wa kaunti za eneo la ziwa, wasimamizi wa hospitali zetu za kaunti ndogo, na wakuu wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Waheshimiwa, nawasalimu.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika tambarare za Kano, Kaunti ya Kisumu. Wazee huku bado hutuita nyamrerwa, vijana hutuita daktari, cheo ambacho si chetu lakini tumechoka kukikataa. Mwaka 2023 tulipewa mkoba wenye kipimajoto, mashine ya presha, kipimo cha sukari na mizani, pamoja na simu ya kujazia taarifa za nyumba tunazozuru. Kila mmoja wetu ana nyumba mia moja hivi. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Posho ina barua yake, na si hii.

Hii ni barua ya swali moja: mama aliyejifungua kwa upasuaji akishavuka geti la hospitali, ni wa nani?

Akiwa ndani, ana wenyewe. Kuna daktari aliyempasua, kuna muuguzi wa zamu, kuna faili yenye jina lake kitandani. Akitoka, faili inarudi kabatini na zamu inamgeukia mwingine. Mimi ninayekaa hatua chache kutoka kwake siambiwi lolote. Nitajua amerudi nikiona nepi zimeanikwa uani, au mama mkwe wake akinishika mkono soko la Ahero na kuniuliza kama ni kawaida kidonda kutoa maji. Mara nyingi huwa imeshapita siku ya sita au ya saba.

Siku hizo ndizo zenye hatari. Mama huruhusiwa kwenda nyumbani yapata siku ya tatu, mshono ukiwa mkavu na wa kupendeza macho. Maambukizi mengi ya kidonda cha uzazi hujitokeza baadaye, mama akiwa ameshalala kwake. Vitabu husema tuangalie wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Tunachoona ni ngozi kando ya mshono kung'aa na kuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa, uvimbe, joto ukiweka kiganja, kisha majimaji, kisha usaha. Mama mwenyewe halioni tumbo lake upande wa chini, na nyumba nyingi huku hazina kioo kikubwa kuliko cha kunyolea ndevu. Anategemea jicho la mtu mwingine, na jicho hilo hajapewa.

Presha nayo ina tabia yake. Mama anaweza kubeba mimba miezi tisa presha ikiwa sawa, akajifungua salama, kisha ikapanda akiwa nyumbani. Kwa kawaida hufika juu kabisa kati ya siku ya tatu na ya sita. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uvimbe wa uso: nyumbani wanasema ni uchovu wa uzazi, au ile sindano ya mgongo. Kweli, sindano ya mgongo huweza kuleta maumivu ya kichwa, hasa mtu akikaa au kusimama, na yakapungua akilala. Lakini bila kupima hujui ni lipi. Mashine ya kupimia ninayo mkobani. Ninachokosa ni kuambiwa niende nyumba ipi.

Akina mama hawa si wachache tena. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulikuta watoto 9 hivi kati ya kila 100 wamezaliwa kwa upasuaji. Ule wa 2022 ulikuta 17. Ni karibu mara mbili katika miaka minane, na sioni kama mpango wa kuwafuatilia nyumbani umeongezeka hata robo. Wapo wanaosema idadi hiyo imepanda kwa sababu hospitali hulipwa vizuri zaidi kwa kisu. SHA hulipa shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, kwa hiyo naelewa mnong'ono huo unatoka wapi. Sitauingia. Nimewaona akina mama ambao bila kisu tungewazika na watoto wao tumboni, na nimewasikia wengine wasioweza kunieleza walipasuliwa kwa sababu gani. Nitalirudia hilo la sababu, maana lina uzito kuliko mnong'ono.

Mwaka 2019 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika. Kati ya kila akina mama 1,000 waliopasuliwa, takriban 5 walifariki, kiwango ambacho watafiti walisema ni mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Yaliyochangia vifo hivyo ni kutokwa damu nyingi, shida ambazo mama alikuja nazo kabla ya upasuaji, na matatizo ya usingizi wa dawa. Someni tena hiyo ya katikati: shida alizokuja nazo. Kupona huanza kabla ya kisu kugusa ngozi.

Chukueni akina mama wawili. Wa kwanza alijulikana kliniki kwamba mtoto amekaa vibaya, akapangiwa siku, damu yake ikapimwa, akafika asubuhi bado hajaanza uchungu. Wa pili alianza uchungu usiku. Chupa ikapasuka, boda boda ikangoja mvua ipungue, zahanati ikampima njia, kituo cha afya kikampima njia, na asubuhi akapewa rufaa ya kwenda mjini. Anapofikishwa chumba cha upasuaji amechoka, hajala, amekaukiwa maji, na bakteria wamepata usiku mzima wa kupanda juu. Wote wawili watashonwa uzi ule ule na pengine na daktari yule yule. Hawatapona sawasawa. Lakini karatasi zao za kuruhusiwa zitafanana neno kwa neno, na wote wataambiwa warudi wiki ya sita.

Ongezeni malaria, ambayo huku ziwani haingojei msimu. Ongezeni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, ambayo kanda yetu inaijua kuliko sehemu nyingi za nchi. Mama mjamzito anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu akishuka chini ya 11 kwenye kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini), na sisi tunawaona walioingia thieta, chumba cha upasuaji, wakiwa na 8. Upasuaji wenyewe humwaga damu zaidi ya kuzaa kwa kawaida. Mwili wenye damu kidogo hushona polepole, huchoka upesi, na huchelewa kutoa maziwa ya kutosha. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema pale ambapo upungufu wa damu ni tatizo la jamii, mama anaweza kupewa vidonge vya madini ya chuma kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Vidonge hivyo ni vya bei ya chini mno. Hata hivyo mama wengi ninaowazuru waliviacha siku waliyojifungua, wakidhani ni vya mimba na mimba imekwisha. Hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Kuna pia suala la antibayotiki, ambalo nalisema kwa tahadhari kwa sababu mimi si daktari. Mwongozo wa WHO ni kwamba sindano itolewe kabla ya ngozi kukatwa, kati ya nusu saa na saa moja kabla, na kwamba dozi moja ya wakati wake inatosha kwa mama asiye na maambukizi. Akina mama wanaorudi nyumbani na bahasha za vidonge vya siku tano au saba wameniuliza kama vinatosha. Nami nawauliza nyinyi wasimamizi: katika thieta zenu, sindano ile hutolewa saa ngapi, na nani huiandika? Vidonge vya baadaye havirudishi saa iliyopita.

Sasa turudi nyumbani, maana huko ndiko ninakokaa na ndiko ambako karatasi za hospitali huonekana ziliandikwa na mtu asiyewahi kufika.

Karatasi inasema: usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako kwa wiki sita. Mtoto ana kilo tatu na kitu. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, yaani watoto sita. Mama asipoteka maji, nani atateka? Kama ana binti wa darasa la sita, binti atakosa shule. Kama yuko na mama mkwe mwenye magoti mabovu, atabeba mwenyewe na hatamwambia mtu. Nimemkuta mmoja kisimani siku ya tano, mtungi kichwani. Nilipomuuliza akanijibu, "Lakini Mama, nimebeba kichwani, sijabeba tumboni."

Karatasi inasema: kaa safi. Choo ni cha shimo. Kuchuchumaa na mshono wa wiki moja ni kazi inayotoa jasho. Mama anajizuia kwenda, choo kinakuwa kigumu, akienda anasukuma, na kusukuma kunavuta mshono. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinasaidia sana. Fundi yeyote wa soko anaweza kukitengeneza. Hakuna muuguzi aliyewahi kumwambia mama huku kwetu jambo hilo, nadhani kwa sababu wodini kuna choo cha kukalia.

Halafu mafuriko. Mto Nyando ukivunja kingo zake, familia nzima huhamia shuleni au kanisani. Mama wa siku nne anavuka maji machafu yanayomfika kiunoni. Sina ushauri wa kumpa mama huyo, na sidhani kuna aliye nao, ila kwamba mvua kubwa ikitabiriwa mama wa nyanda za chini asiruhusiwe kwenda nyumbani kama mama wa mlimani. Utabiri wa hali ya hewa mnao. Ramani ya mahali maji hufika kila mwaka mnayo pia.

Kitandani, wengi hawajafundishwa hata kuinuka. Mtu akijivuta moja kwa moja kutoka kulala chali hadi kukaa, misuli ya tumbo inakazana juu ya kidonda. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Ukikohoa au kucheka, bana leso iliyokunjwa juu ya mshono. Ukinyonyesha, mlaze mtoto ubavuni chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma yako, asilipige tumbo teke. Ni maneno ya dakika tatu. Nimeona mama akilia kwa nafuu baada ya kuonyeshwa tu jinsi ya kutoka kitandani.

Maumivu ndiyo yanayonikasirisha zaidi. Parasetamoli na ibuprofeni zinatosha kwa wengi, zinaweza kutumiwa pamoja, na mama anayenyonyesha anaweza kuzimeza. Lakini mama anaruhusiwa na vidonge vya siku mbili, au na cheti cha kwenda kununua wakati pesa iliyobaki ni nauli tu. Watu wanaona ni haki avumilie, kwa kuwa mtoto ameshampata. Mama mwenye maumivu hatembei. Asipotembea, tumbo hujaa gesi, damu huweza kuganda mguuni, na mguu mmoja ukavimba kuliko mwingine. Hakai vizuri kunyonyesha, mtoto analia, jirani anashauri maziwa ya ng'ombe. Mlolongo wote huo kwa sababu ya kukosa tembe za bei ya andazi.

Juu ya maumivu huja maneno. "Wewe hukuzaa, ulitolewa mtoto." Nimeyasikia kwa mama mkwe, kwa mawifi, hata kwa mama mwenzake aliyelala kitanda cha jirani wodini. Anayeambiwa hivyo hatasema kidonda kinauma, kwa kuwa ataonekana analalamikia kitu ambacho hakukifanyia kazi. Siku moja nilimwambia mama mkwe mmoja, kwa heshima zote, "Mama, ngozi imekatwa, nyama imefunguliwa, mfuko wa uzazi umekatwa, mtoto ametolewa, kondo limetolewa, kisha vyote vimeshonwa mtu akiwa macho anasikia mnavyozungumza. Wewe ungeiitaje kazi hiyo?" Alinyamaza, kisha akaenda kuchemsha uji. Tangu siku hiyo ndiye anayeteka maji.

Bibi zetu siwadharau. Uji wa wimbi ni mzuri. Omena, dengu, mayai, osuga na mboga nyingine za kienyeji ni chakula hasa cha kujenga mwili uliokatwa, na yule anayesema mama aliyepasuliwa asile maharagwe anamnyima bila sababu. Kufunga tumbo kwa leso, isiyobana hadi kuzuia pumzi, humsaidia mama kutembea bila kuhisi kwamba vyote vitamwagika. Lakini kukandwa tumbo kwa maji ya moto juu ya mshono, kumwagia spiriti, chumvi, poda au majani yaliyopondwa, hapana. Maji safi na sabuni, kitambaa safi cha kukaushia, na hewa: kidonda kilichofunga hakihitaji zaidi. Tungeweza kuyasema haya mapema, kabla ya mtu kuweka sufuria motoni, kama tungejua mama anarudi siku gani.

Kuhusu waume nitasema kidogo, kwani baadhi wamenishangaza kwa jinsi wanavyofua. Wanaobaki waelezwe wodini, wakiwa wamesimama pale na bili mkononi, kwamba tendo la ndoa lingoje mama awe amepona na amekaguliwa, na kwamba mimba nyingine isitafutwe kabla ya miezi 24. Kovu ndani ya mfuko wa uzazi hukomaa polepole kuliko lile la nje.

Yupo mama mmoja ambaye hakuna orodha inayomkumbuka: yule aliyepasuliwa na mtoto akafa. Ana kidonda kama wenzake. Maziwa yanamjaa bila wa kuyanywa, na hakuna aliyemweleza avae sidiria ya kubana kiasi na asiyakamue sana. Hana sababu ya kwenda kliniki wiki ya sita, kwa sababu kliniki ya wiki ya sita ni ya chanjo. Majirani hawaendi kwake kwa kutojua waseme nini. Hata simu tuliyopewa huuliza zaidi habari za mtoto. Ikiwa mtashindwa kuwafuatilia wote, anzeni na huyu.

Na hiyo kliniki ya wiki ya sita, hata kwa wenye watoto, tuiangalie kwa uaminifu. Mama anafika, mtoto anavuliwa, anapimwa uzito, anadungwa, anarudishiwa mama yake. Mama ni mikono ya kumshikia mtoto. Kitabu cha mama na mtoto kina sehemu yake, ya baada ya kujifungua: presha, matiti, kidonda, damu, hali ya moyo. Nimefungua vitabu vingi. Upande wa mtoto umejaa mihuri na upande wa mama ni karatasi nyeupe. Hakuna aliyemwambia apande kitandani ainue gauni. Hakuna aliyemuuliza kama analala, kama analia bila kujua kwa nini, kama kuna siku alitamani asiamke. Sonona ya baada ya uzazi haitoki usaha, ndiyo maana hupita.

Naomba nini, basi?

Naomba kwanza simu. Mama akiruhusiwa, hospitali imjulishe mhudumu wa kijiji chake siku hiyo hiyo. Mfumo uko kwenye simu zetu tayari. Ikishindikana, muuguzi apige au aandike ujumbe. Nami nifike kwake kati ya siku ya tatu na ya saba. Sitafungua kidonda wala kukisafisha, hiyo si kazi yangu. Nitapima joto, nitapima presha, nitatazama mshono, nitanusa, nitauliza habari za damu inayotoka na mkojo, nitamwangalia miguu na macho. Nikiona lisilo sawa, niwe na namba moja ya mtu anayepokea, na mama akirudi asipange foleni na wenye mafua wala asiambiwe afungue faili upya. Haya si mawazo ya kuota. Katika wilaya ya Kirehe nchini Rwanda wahudumu wa jamii kama sisi wamejaribiwa kuwatembelea akina mama nyumbani siku kumi hivi baada ya upasuaji, wakipiga picha za kidonda kwa simu ili wataalamu wazitazame. Rwanda haituzidi kwa simu.

Naomba pili ukurasa mmoja kwenye kitabu cha mama, ulioandikwa kwa mwandiko unaosomeka: alipasuliwa kwa sababu gani, mfuko wa uzazi ulikatwa kwa mlalo chini au kwa wima, alipoteza damu nyingi au la, damu ilikuwa ngapi alipotoka, na dalili za kumrudisha hospitali. Hapa ndipo sababu inapokuwa na uzito. Mama mwenye kovu la mlalo, aliyepasuliwa kwa sababu isiyojirudia, huenda akaweza kuzaa kwa kawaida mara ijayo akiwa hospitali yenye thieta. Mwenye kovu la wima yuko katika hatari kubwa zaidi ya mfuko kupasuka akiingia uchungu. Kovu la nje halisemi lililo ndani. Ngozi inaweza kukatwa mlalo na mfuko ukakatwa wima. Miaka mitatu baadaye mama huyo anafika usiku kwa mkunga asiyemjua, anaulizwa alipasuliwa kwa nini, anajibu, "Walisema mtoto alichoka." Mkunga afanye nini na jibu hilo? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa. Hapa kwetu lugha hizo ni Kiswahili na Dholuo, na mwenye kuandika Kiingereza cha vifupisho hajaeleza kitu.

Nyinyi wa SHA, tangu mwanzishe kazi Oktoba 2024 mmekuwa mkilipa upasuaji kama tukio la siku moja. Ombi langu ni kwamba sehemu ya zile shilingi 30,000, hata ndogo, itolewe baada ya ukaguzi wa wiki ya kwanza kuandikwa kwamba umefanyika. Mtashangaa jinsi hospitali zitakavyopata namba zetu za simu. Na dawa za maumivu za wiki nzima pamoja na vidonge vya chuma vihesabiwe ndani ya upasuaji, visiwe cheti cha kwenda dukani.

Kuna hospitali, sitaitaja, ambako mama wa karibu nami alikaa siku kadhaa zaidi baada ya kuruhusiwa kwa kuwa bili haikuwa imekamilika, akilala kitanda kimoja na mwenzake mwenye kidonda kibichi. Mahakama Kuu ilikwisha kusema mwaka 2015 kwamba kumzuilia mama hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Zaidi ya sheria, ni hatari: kitanda cha wawili ni njia ya vijidudu kutoka kidonda hadi kidonda.

Najua mtasema hakuna fedha na wauguzi ni wachache. Wauguzi ni wachache kweli, na wengi nawaheshimu. Lakini kidonda kilichofumuka kinasafishwa kila siku kwa wiki kadhaa, wakati mwingine kinarudishwa thieta kushonwa upya, na mama analazwa tena akiwa na mtoto mchanga asiye na nafasi wodini. Wekeni gharama hiyo kando ya dakika mbili za simu na nauli yangu ya boda boda, mkokotoe wenyewe. Nauli yenyewe mara nyingi huwa ni miguu yangu.

Katika nyumba zangu wapo wajawazito watakaojifungua kabla ya mvua za mwaka huu kuanza, na baadhi yao wana kovu la zamani ambalo hawajui lilikatwa vipi. Ningependa jibu lenu lifike kabla yao, kupitia kwa afisa wa afya ya jamii wa wadi. Namba yangu ya simu anayo.

Wenu katika kazi,

Mhudumu wa afya ya jamii,
Kano, Kisumu